Mshipa Usioonekana

Mama Namegabe alipokubali kutobolewa mkono na Huguette, mwanafunzi wa maabara ya hospitali, aliweka sharti lake kwanza.

"Mara moja tu, mutoto. Kule kwingine walinitoboa mpaka mukono ikavimba. Munatafutaka mushipa ama munatafutaka petroli? Ukinikosa, mi narudia kwangu Carama. Opereshoni itanisamehe."

Huguette alijua hatanii. Bila damu kupimwa, daktari hangemtoa uvimbe wa shingoni, na mama alikuwa akitafuta sababu ya kukimbia. Huguette naye alikuwa hajawahi kumtoboa mtu. Alizoea mkono wa plastiki wa darasani.

Akamfunga mama mpira juu ya kiwiko. Mshipa mmoja wa buluu ukajitokeza, akafurahi, lakini alipougusa uliteleza pembeni.

"Acha macho," mwalimu Léonce akamwambia kwa sauti ya chini. "Tafuta na kidole."

Akasogeza kidole upande wa ndani wa kiwiko, pale ambapo ngozi haikuonyesha kitu. Akabonyeza. Kitu laini kikamrudishia kidole chake. Akabonyeza tena, kikamrudishia tena, kama mtu anayesogea nyuma ya pazia. Vinyweleo vikamsimama. Léonce akapagusa pia, akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma.

Huguette akapangusa, akaingiza sindano. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kwa sala. Huguette akasukuma chupa ndogo kwenye kishikio cha sindano, na damu ikaruka ndani, nyeusi kuliko alivyodhani, ikapanda yenyewe bila mtu kuivuta. Akasahau kila kitu. Akawa anatazama tu.

"Na huu mupira, utanifungulia kesho?"

"Pardon, mama!"

Akafungua mpira, akatoa chupa, akachomoa sindano, akabonyeza pamba. Kisha akaandika jina na kuigeuza chupa taratibu ili damu isigande. Ilikuwa na joto. Joto la mtu, kiganjani mwake.

"Leta nione," mama akasema.

Huguette akamwekea mkononi. Mama akaishika kwa vidole viwili, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii inatembeaka ndani yangu usiku na muchana," akasema polepole, "na mi niko nauza tusamaki twa ndagala tu, sijue?"

Huguette alitikisa kichwa. Hata yeye, pamoja na masomo yake, hakuijua hivyo.

Mama akarudisha chupa, akajifunga vizuri kitenge chake, akaegemea kiti.

"Haya. Muambie daktari niko hapa."