Kaka Mhidini Mtunzi wa Bangalore

Usiku wa kuamkia leo niliota kaka yangu Mhidini, ambaye arobaini yake ni Ijumaa hii, amekuwa mtunzi mashuhuri wa nyimbo za filamu huko Bangalore. Anatunga kwa Kikannada, lugha ya watu wa kule. Hapa Tanga, uhai wake wote, hakuijua hata salamu yake.

Sikushangaa. Nilikuwa na haja moja tu, mstari wa mwisho wa wimbo aliouacha haujakamilika. Arobaini ikipita, klabu yake ya taarabu itauimba, na wamepanga kumpa mtu mwingine aumalizie. Nimewaambia hakuna atakayeugusa.

Nikamkuta studio, ameketi sakafuni na shuka nyeupe kiunoni. Amenenepa kidogo. Akanieleza kazi yake. Alianza kwa kuandika mvua, kwa kuwa katika filamu za kule mvua hainyeshi mpaka itungiwe ubeti. Aliwahi kuugua homa, wakulima wakamfuata kitandani kumlalamikia. Baadaye akapandishwa cheo, akapewa mapenzi.

Dirishani namwona kijana wa filamu amesimama kilimani na sweta, amemnyooshea msichana mkono. Anasubiri kibwagizo ndipo aruhusiwe kumpenda. Msichana hana haraka, anasuka ukili.

"Huku mahadhi hutangulia," kaka ananiambia. "Maneno hushonwa baadaye, kwa kipimo chake."

Mahadhi anaingia. Ni bwana mnene, shati amelifunga vifungo vyote isipokuwa kimoja, na hapo tumbo liko nje. Anaimba vizuri mpaka afike penye tumbo, kisha inabaki tana-nana, tana-nana. Namtambua. Ni wimbo wetu.

"Mizani nane tu," anasema kwa upole. "Naona baridi."

Maikrofoni inakohoa na kuuliza tunangoja nini. Kaka anaweka kipande cha kafuri kwenye kisahani, anakiwasha. Harufu ile mara ya mwisho niliisikia siku alipooshwa. Namwomba azime.

"Kwenu inafunga kazi, huku inafungua," anasema. "Ikizimika, huyu bwana anaondoka. Haya, sema."

"Niseme mimi? Mtunzi ni wewe."

"Nitunge kwa pumzi ipi, Hija?"

Tayari studio ni jiko letu la Ngamiani. Feni ya dari, ambayo hatujawahi kuwa nayo, inazunguka na kuniuliza kama nimemaliza. Moto wa kafuri unalala. Naukinga kwa kiganja. Namkumbusha kaka kwamba nimeulinda wimbo wake, nimewakataza watu wote.

"Ukajikataza na wewe," anasema.

Kiganja kinaungua. Siondoi mkono. Nawaza yule mtu wa kwenye wimbo, anayesafiri alfajiri na kuiaga nyumba yake chumba kwa chumba. Amebakiza kutoka. Kafuri imebaki kama punje ya mchele.

"Mlango sikuufunga," nasema.

Bwana Mahadhi anafunga kifungo. Kilimani kijana anapenda, na mvua inanyesha humu jikoni, juu ya masufuria. Madereva wa bajaji wa Bangalore wamejaa uani wanauimba mstari wangu kwa Kikannada, nami naelewa kila neno.

Namtazama kaka. Anasema si mbaya. Hata alipokuwa hai hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo.

Nikaamka kumekucha. Nikajifunga kanga, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamisi, mwenyekiti wa klabu, kabla hata ya chai. Nikamwambia asitafute mtu, mstari upo na nimeutia mimi. Akataka kuusikia. Nikauimba pale pale mlangoni, wimbo wote, na safari hii sauti haikukatika penye mstari wa mwisho.

Kisha akanishika mkono, akaugeuza, akaniuliza haya masizi katikati ya kiganja nimeyatoa wapi, na mbona yananuka kafuri.