Mjane Katika Barua Taka

Magreti hakupandisha sauti. Alisubiri sala ya kufunga iishe, akaokota kikapu kimoja kati ya arobaini vilivyopangwa kando ya ukuta wa ukumbi wa kanisa, akakigeuzageuza, ndipo akasema, "Barua nne, Katibu. Zote nne zimeliwa na hewa?"

Wanawake wengine walitazama miguu yao. Costancia, ambaye Kilosa nzima ilimwita Mama Goodhope kwa jina la bintiye wa kwanza, alikuwa katibu wa kikundi hicho cha wasukaji tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Hakuwa amewahi kuulizwa swali la namna ile.

"Niliandika," alisema.

"Hatujasema hukuandika, dada. Ila mimi nimetoka Mikumi jana. Pale ofisini kwa hoteli wanasema hawajaona hata mstari mmoja kutoka kwetu. Sasa mwongo ni hoteli au ni nani?"

Hoteli yenyewe ni ya watalii. Ilikuwa inaongeza vyumba, ikatangaza kwamba inataka vikapu vya ukindu, na kwamba anayetaka kuuza aandike barua pepe, asiyeandika asihesabiwe. Mama Goodhope ndiye aliyewaambia wenzake wasihofu, keshawaandikia. Kwa neno lake hilo walishinda wiki saba kandokando ya mto Mkondoa wakikata ukindu, wakauanika, wakautia rangi, wakasuka mpaka vidole vikachanika. Na sasa lile neno lilikuwa limelala pale chini pamoja na vikapu.

Kesho yake alfajiri Mama Goodhope alitoa ndani ya Biblia karatasi nne, maana kila alipotuma barua alidai apewe nakala iliyochapwa, akapanda basi la Mikumi. Njia nzima, kupita kijiji cha Ulaya mpaka barabara ya lami, hakusinzia. Alikuwa akiwaza enzi za kuuza mazao kwenye chama cha ushirika. Karani wa mizani alikuibia, ndiyo, lakini alikuibia mkitazamana usoni. Siku hizi za soko huria unatendwa na mtu usiyemwona, halafu mwongo unaitwa wewe.

Ofisini alimkuta binti anayeitwa Letisia, kucha nyekundu, adabu tele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuziona barua zangu."

"Zipi, mama?"

Aliziweka mezani, akazinyoosha moja moja kwa kiganja. Letisia alisoma tarehe, akatazama kompyuta, akatikisa kichwa. "Hazikuingia, mama. Labda huko kwenu mtandao ulikuwa chini."

"Aliyezituma ni Melkizedek. Miaka ishirini alikaa dirishani posta kabla hawajampunguza kazi na kumwachia kiinua mgongo cha kufungulia hicho chumba cha intaneti. Huyo barua haimpotei."

"Basi sijui, mama yangu."

Mama Goodhope hakuondoka. Alisogeza kiti upande wa yule binti, akaitazama skrini kama anavyotazama sufuria ya maziwa jikoni. Aliona maneno yamejipanga ubavuni, na mbele ya mojawapo kulikuwa na tarakimu nzito nyeusi: mia tatu na kumi na mbili.

"Hapo pana nini?"

"Ah, hapo ni spamu. Barua taka, za matapeli. Mashine yenyewe inazitupa, sisi hatufungui."

"Fungua."

"Mama, humo kuna mambo ya aibu."

"Nimezaa watoto sita. Fungua."

Letisia alifungua. Dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu, saa za dhahabu, wanawake wanaotafuta wachumba. Na katikati ya uchafu huo, moja, mbili, tatu, nne: barua za kikundi cha akina mama wa kanisa, Kilosa.

Mama Goodhope aliweka kidole juu ya skrini. "Nani aliyeziweka humo?"

"Si mtu, mama. Ni mashine."

"Na mashine inaniogopa nini mimi?"

Letisia aliinama, akasoma barua ya kwanza, kisha akasoma iliyokuwa juu yake, akaziba mdomo asicheke. "Mama, ngoja nikusomee hii ya jirani yako." Akasoma taratibu: "Mpendwa katika Kristo. Mimi ni mjane mcha Mungu. Mume wangu, jenerali, alifariki akaacha sanduku la dhahabu. Nakuandikia kwa imani, nikitumaini utanijibu haraka."

"Endelea na yangu."

"Mpendwa katika Kristo. Mimi ni mjane mcha Mungu. Mume wangu alifariki mwaka tisini na sita. Nakuandikia kwa imani, nikitumaini utanijibu haraka. Halafu ndiyo vinakuja vikapu, huku chini kabisa. Na yote kwa herufi kubwa."

Herufi kubwa zilikuwa za Melkizedek. Kwake yeye ujumbe wenye heshima uliandikwa kama telegramu. Na kwa kuwa telegramu haikuwa na kichwa cha habari, aliacha wazi mahali pa kichwa, barua zote nne. Lakini maneno yalikuwa ya Mama Goodhope mwenyewe. Ndivyo walivyofundishwa darasani: kwanza msalimu mtu, umwambie wewe ni nani na umepatwa na nini, ndipo useme shida yako. Kuanza na shida ni utovu wa adabu.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "kuna mtu huko aliko ameazima msiba wangu akaufanyia utapeli. Akamchukua na Kristo, Bwana wangu, akamweka dirishani kama sampuli ya kitenge. Yeye hakukamatwa. Nimekamatwa mimi."

Letisia aliinuka. Aliingia chumba cha ndani kwa meneja, akakaa kitambo, akatoka akiwa ameinamisha macho. "Anasema mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Lakini lazima barua iingie yenyewe, kama za wengine."

"Mwambie nipo hapa. Atoke anione."

"Nimemwambia. Anasema wakaguzi wanataka barua iliyoingia, hawataki mtu aliyekuja."

Mama Goodhope alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwa mtu, na mtu huyo anamtuma arudi Kilosa akamwandikie kwamba yupo.

Letisia, kwa aibu, alifanya alichoweza. Aliiambia mashine kwamba zile nne si taka. Akamwonya asiendelee kutumia anwani ya Melkizedek, ile ambayo nusu ya mji huitumia kusambazia barua za kutishana kwamba usipozituma kwa watu kumi utapata mkosi, maana mashine ilishaichoka. Afungue ya kwake mwenyewe. Waliifungua pale pale, na Letisia akaiandika kwenye orodha ya watu wanaojulikana.

Alhamisi, huko Kilosa, Melkizedek aliketi mbele ya kompyuta, miwani puani. "Haya, Mama Goodhope. Mpendwa katika Kristo…"

"Acha. Panda juu, pale unapoacha wazi kila siku. Andika: Vikapu arobaini vya ukindu kutoka Kilosa. Na herufi ndogo, Bwana Melki. Tusimpigie mtu kelele."

"Herufi ndogo kwa meneja?"

"Ndogo. Sasa andika vikapu, ukubwa wake, rangi yake, jina langu, simu ya kanisa."

Aliandika. Kisha akageuka. "Na ujane?"

"Hilo halikuwa tangazo. Liache."

"Na salamu ya Bwana?"

"Iweke mwisho. Yeye husoma mpaka chini."

Ijumaa saa nane mchana Magreti mwenyewe alikuja, akaketi kwenye benchi mkoba mapajani, ashuhudie. Melkizedek alifungua anwani mpya ya Mama Goodhope. Mahali pa barua zilizoingia palikuwa patupu.

"Basi," alisema Magreti, si kwa ukali. "Angalau tumeona sote."

Mama Goodhope alikuwa haangalii pale. Alikuwa anaangalia ubavuni, kwenye tarakimu moja nzito nyeusi.

"Bwana Melki, nifungulie takataka."

Ilikuwamo. Imejaa picha ya tembo, nyota za njano na maneno ya OFA MAALUM KWA WATALII yaliyokuwa yanajibandika yenyewe chini ya kila barua ya hoteli ile. Juu yake Letisia alikuwa ameandika: Mama, imeingia vizuri. Meneja amekubali vikapu vyote arobaini. Vileteni Jumatano.

"Kumbe na wao ni matapeli," alisema Melkizedek.

"Iambie si taka," alisema Mama Goodhope. "Iambie sasa hivi, kabla hujachapa." Karatasi ilipotoka hakuisoma. Alimpa Magreti.

"Wewe soma. Kwa sauti. Halafu Jumapili utaisoma tena ukumbini, pale pale uliposimama."