Kaptura ya Gia Tano

Kufikia wiki ya sita ya kukaa ndani, dereva wa lori ambaye wenzake walimwita Gia Tano alikuwa ameshahesabu misumari yote ya dari. Mguu wake wa kulia ulifungwa plasta ngumu, kutoka unyayoni hadi juu ya goti, na hakuna suruali iliyokubali kupita hapo. Tangu atoke hospitali alishinda amejifunga shuka kiunoni, kama mtu anayengoja zamu ya kuoga.

Asubuhi hiyo mkewe, fundi wa kushona sare kwenye karakana ya mtaa wa pili, aliaga akiwa mlangoni. "Baba Pacha, daktari amesema utulie."

"Nimetulia mpaka nimeota mizizi."

Mlango ulipofungwa tu, akawasha redio, akaizima. Akajikongoja na magongo hadi dirishani, akarudi kitandani. Akatazama simu. Bosi hakuwa amepiga, siku ya nne sasa. Nje likapita lori, na kwa mlio tu akajua dereva amechelewa kubadili gia. Akasonya.

Ndipo akaikumbuka jinzi yake kuukuu, iliyotoboka magotini. Kama suruali imeukataa mguu, si ikatwe? Akaitandaza mezani, akachukua mkasi mkubwa wa mkewe, ule ambao hata karatasi haikuruhusiwa kuugusa.

Hakuwa na subira ya kupima. Mguu wa kwanza aliukata chini kidogo ya goti. Wa pili ukatoka mfupi zaidi. Akapunguza wa kwanza, ukapitiliza. Akapunguza wa pili, nao ukapitiliza. Alipokuja kushtuka, mifuko ilikuwa inachungulia chini ya ukingo. Akajaribu kuivaa hivyohivyo, ikakwama kwenye kisigino cha plasta. Akavuta. Akavuta tena kwa hasira, akateleza kutoka kitandani na kuketi sakafuni kwa kishindo, magongo yakiwa upande wa pili wa chumba.

Hapo ndipo mkewe alipomkuta saa saba, alipokuja kula.

"Mkasi wangu!"

"Mama Pacha, niinue kwanza."

"Nakuuliza, umekata jinzi kwa mkasi wangu?"

Alimwinua hata hivyo, akamkagua mguu, akaokota ile kaptura na kuigeuzageuza. "Ulikuwa unakata suruali au nyasi? Na haraka yote hii unakwenda wapi?"

"Yadi. Lori langu amepewa mtu mwingine. Nimesikia juzi. Nikienda kuuliza nimejifunga shuka, watasema kweli nimekwisha."

"Juzi! Na mimi hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?"

Mkewe aliichukua ile kaptura. Chakula akakiacha kwenye sufuria, akavuta kiti hadi kwenye cherehani. Kwa wembe akaufumua mshono wa pembeni, upande wa plasta, kutoka chini hadi karibu na kiuno, akauwekea vifungo. Kisha akachukua vile vipande vilivyokatwa, akavirudisha kama mapindo mapana hadi mifuko ikajificha. Gia Tano alisimama nyuma yake akihema, akiuliza kila dakika kama bado, mpaka akafukuzwa aende akakae.

Saa tisa alikuwa yadi, makwapa yakiwaka moto kwa magongo. Lori lake lilikuwa pale, na kwenye usukani ameketi dada mmoja aliyevaa kofia, daftari la safari likiwa mapajani.

"Wewe ndiye Gia Tano?" Aliteremka haraka. "Kaka, gia ya tatu inanitesa tangu Jumatatu."

Gia Tano alikuwa amejiandaa kumchukia. "Usiilazimishe," alijikuta akisema. "Kanyaga klachi mara mbili, halafu uisukume taratibu."

Bosi akatoka ofisini, akaitazama kaptura kwa muda. "Nani amekufanyia hivyo?"

"Kuharibu nimeharibu mwenyewe. Kutengeneza ni mke wangu. Bosi, lori langu vipi?"

Bosi akakuna kidevu. "Sitakudanganya. Hilo limeshapangiwa huyu mpaka mwisho wa mwaka. Ukipona, tutaona."

Gia Tano aliyameza yale maneno. "Basi nipe kazi ya kukaa. Yoyote. Nyumbani nitapata wazimu."

"Karani wa safari anaanza likizo keshokutwa. Wiki mbili utashika dawati lake. Njoo kesho akuonyeshe."

Kesho. Aliuona usiku mzima uliomngoja, dari na misumari yake. Akatazama mlango wa ofisi, ambako karani alikuwa anaongea na simu mbili kwa wakati mmoja.

"Yuko ndani sasa hivi," alisema, na bila kungoja jibu akaanza kupanda ngazi, gongo moja baada ya jingine, upepo ukimpiga kwenye ule upande wa vifungo.