Chumba ya Bikwembe

Mi hapana mutu wa kununa bure, lakini siku Stany alifungula sanduku ya bikwembe ya Mama, bitenge byake bya kujifunga, nilinuna. Nilimukuta amepiga magoti pale chini, kikwembe ya matanga ya Tata, baba yetu, amebandika ku kinywa, anapuliza. Nilizania mudogo wangu ameshapoteza kichwa.

Alinieleza bila hata kugeuka. Kama pumuzi inapita mu nguo, sauti nayo inapita. Kama haipite, sauti inagonga na kurudia. Kikwembe mupya, ile yenye kungaa, inakatala. Ile yenye imefuliwa miaka na miaka mpaka imekuwa laini, njo anatafuta. Nilimuuliza kama hakuna nguo ingine mu Kolwezi muzima isipokuwa ya Mama. Akapuliza ingine.

Basi niseme tuko banani. Mi ni Huguette, muzaliwa wa kwanza, na tunakaa Manika, mu nyumba Tata wetu Kalumba alituachia. Alifanyaka kazi ya treni ku Tenke mpaka pumuzi ilimuisha. Chumba yake ya nyuma, Stany aligeuzaka studio. Bakwaya banakuya kurekodi pale, na bavijana ba ku machimbo, siku ya Mungu, wakisha kunawa vumbi. Na Mama wetu, Mama Mbuyu, anaimbaka kasala. Kasala ni wimbo ya Baluba: unaita jina ya mutu, ya babake, ya babu yake, na sifa ya kila mumoya, mpaka mwenye kusikia analia bila kujua juu ya nini. Ku matanga ya batu ya kwetu, ni yeye banamwitaka. Kama hajafika, hata mwenye kufa anangojea.

Halafu kitu ikaota mu shingo yake. Munganga alisema itapasuliwa ku Lubumbashi, siku ya kwanza ya kazi, juma yenye kuya, na haiwezi kungojea. Sauti, alisema, inaweza kurudia ao hapana. Alisema ile neno pole pole, sawa vile banasemaka na batu banajua tayari. Kwa hiyo tulikuwa na ile siku kidogo. Kama hatumurekodi mbele ya kusafiri, kasala ya kwetu itabakia mu masikio yetu tu, na masikio inasahau.

Shida ilikuwa ukuta. Chumba ya Tata ni simenti tupu. Ukipiga makofi, ukuta inakujibu. Stany alibandikaka kwanza bikaratasi bya mayai, na nilicheka mpaka nikakaa chini, juu chumba ilifanana kibanda, ilibakia kuku tu. Na haikusaidia. Akili ni nywele, kila mutu na yake. Sasa alikuwa ameokota mbao ya palete, ile banatupaka nyuma ya madepo, akapigilia mafremu marefu ya kutundika ku ukuta, yeye anaita mapano. Ndani tulishindilia mablanketi ya kupasuka, masueta, hata suruali ya kazi ya Tata. Kufunika juu, alijaribu kwanza sako ya rafia, ile banabebea madini. Pumuzi ilipita, ni kweli, lakini vumbi nayo ilitoka, na Mama alikohoa mpaka machozi. Njo maana alienda ku sanduku.

Mama mwenyewe alinituliza. Alisema kikwembe yenye kukaa mu sanduku haivalishe mutu, achukue. Nilimuacha achukue, lakini sikukubali.

Kisha ikakuya ile kazi ya kioo, na ile nilipenda, siwezi kudanganya. Stany alikaa ku kiti yake mbele ya bafle mbili, zile sanduku zenye kutoa sauti, mi natembeza kioo ku ukuta, pole pole. Pahali anaona bafle mu kioo, ni pale sauti inagonga, ni pale pano itatundikwa. Jua ilikuwa inaingia ku dirisha pamoja na ile vumbi nyekundu yetu, na vumbi ilielea mu mwangaza bila haraka. Mu kioo ilipita mara uso ya mudogo wangu, mara kipande ya mbingu, mara Mama mu mulango, amesimama na mukono ku shingo. Stany alikuwa anasema hapo, tena hapo, na sauti yake ilikuwa inatoka mbali. Nilisahau hasira. Nilisahau hata juu ya nini tunafanya ile yote. Ningetembeza kile kioo mpaka siku iishe.

Tulitundika mapano, kila moya mbali na ukuta kadiri ya kiganja, tukafunga mulango. Makamyo ya madini tulikuwa tunayasikia bado, pano haizuie sauti ya inje, lakini zamani sauti ikiingia ilizunguka mu chumba. Sasa iliingia na kukaa chini. Stany alipiga makofi, na makofi ikafia pale pale. Ilikuwa sawa vile unazama mu usingizi, unasikia batu ya nyumba banaongea lakini maneno hauishike tena. Ku ukuta kulikuwa ndege ya kijani yenye kuchorwa ku kikwembe ya matanga ya Tata, majani ya matanga ya tantine Princesse, shangazi yetu, maua ya ile ya babu. Tulikaa chini, tukaangalia ndege zile. Kwa kweli ilikuwa muzuri, na nilimwambia.

Siku ya posho, njo jumamosi, kisha chakula, Mama aliingia. Alijifunga kitambaa ku kichwa sawa siku ya kuenda matanga. Alisimama mbele ya mikro, Stany akavaa kaske ku masikio, akamuonyesha na kidole. Mama akaita jina ya kwanza, ya babu wa babu. Akangojea. Akaita tena, na sauti ikamuishia katikati, na si ugonjwa. Mara ya tatu alifungula kinywa tu. Alisogelea ukuta, akapapasa ndege za kijani na kiganja.

"Bikwembe njo hii yote," akasema. "Benyewe beko wapi?"

Hapo niliona kosa yetu, na ilikuwa ya shiye bote. Kasala haiimbwe mu kimya. Inaimbwa katikati ya batu, benye kulia, benye kuitika, na mutu akiitwa jina anaitika, juu kunyamaza ni kusema hauko tena na bazima. Mama alikuwa anatupa majina na hakuna mutu wa kuikamata. Tulimutundikia matanga yake yote ku ukuta, bila roho hata moya ndani. Nililia, nasema kweli, nililia ya hasira. Stany alisema si kitu, atatia mwangwi kisha na ordinatere, ile kompyuta yake. Nikamwambia hiyo mwangwi yake atie mu supu.

Nilitoka bila viatu. Kwetu, ku matanga, banamuke bote banakata kikwembe ya rangi moya, na hakuna mwenye kuitupa. Nilipita nyumba ku nyumba nawaambia tu: Mbuyu anaimba leo, mwisho. Hakuna aliuliza mwisho ya nini. Mama Domitille alikuya na ndege za kijani, Mama Naomie na majani, na bengine nyuma yabo, wananuka sabuni na naftalini. Wakakaa chini kuzunguka chumba, mugongo ku pano, kikwembe ku kikwembe, mpaka haukujua tena ukuta inaanzia wapi.

Stany alianza kuwapatia sheria. Simu ifungwe, mutu asikohoe, mutu asiitike mpaka mwisho, juu itaharibu rekodi. Mama Domitille akamuangalia kutoka chini mpaka juu.

"Mwana, shiye hapana mapano."

Na Mama akaanza. Sijui kueleza. Aliita babu wa babu, na mutu akaitika kwa ajili yake. Aliita mito ya kwabo ku Kabongo, na mito ikapita mule ndani kati ya magoti yetu. Tata aliingia, na treni yake, na kikohozi yake. Mama Naomie alikuwa anayumba, macho imefungwa. Chumba haikukuwa na saa. Sauti ya Mama ilikuwa inaenda ku banamuke na kurudia na joto yabo, na ile kitu ya mu shingo, kwa mara moya, ilimuacha apite.

Niliitwa, nikaitika. Kisha akageuka ku meza.

"Mukuna, mwana wa Kalumba, mujengaji wa nyumba ya sauti. Uko?"

Mukuna ni Stany, jina ya kwetu. Alikuwa na kaske ku masikio, mukono pa mashini, na kichwa anatikisa: hapana, hapana, Mama, endelea. Mama hakuendelea. Banamuke bote banangojea. Akaita tena, chini chini, sauti imeanza kupasuka.

"Mukuna. Uko?"

Mudogo wangu alitoa kaske, akasimama. "Niko, Mama." Ilitoka vibaya, sawa sauti ya mutoto mwenye kuamushwa, na akalia pale pale mbele ya batu bote.

Walimupasula. Mungu asifiwe, eko muzima, anakula, anatuchokoza na macho. Lakini sauti haikurudia. Inatoka pumuzi tu.

Jana Stany alikuwa anasafisha rekodi, Mama amekaa pembeni. Alifika ku ile pahali na akasema hii ataikata, juu sauti yake mwenyewe, ile ya kulia, imeharibu. Mama akamushika mukono mbele hajabonyeza, akamuonyesha arudishe nyuma. Tukasikia: Mukuna, uko? Midomo ya Mama ilifuata yale maneno moya moya, bila kitu kutoka, na akamuangalia, anangojea.

Stany akaitika.