Magoli ya Bronte Noske Hutua Mchana

Saa nne na dakika sita asubuhi ya Jumamosi, Merv Tuddenham akiwa bado anahangaika na vifungo vya koti lake jeupe la mwamuzi wa magoli, Bronte Noske aliudaka mpira hatua hamsini mbele ya magoli, akarudi nyuma hatua nne, akaupiga. Ulikuwa mpigo safi. Mpira ule wa umbo la yai, wa kandanda ya Australia, ulipanda juu ya maghala ya ngano ya Yarrabeet, ukawapita kasuku weupe waliokuwa wakigombania punje kwenye paa, ukawa nukta, halafu hata nukta haikuwepo. Merv alitazama juu, akaangalia saa yake, akajiandikia kwa kalamu kiganjani: saa nane na kumi na moja. Mwamuzi wa katikati akaletewa mpira mwingine, akaudundisha, mchezo ukaendelea.

Ndivyo ilivyokuwa mipira ya Bronte. Ilikaa juu kwa muda wa saa nne na dakika tano, na ukivuma upepo wa kaskazini uliongeza dakika mbili. Ilianza alipokuwa na miaka kumi na minne, wiki ile ile alipotolewa waya za meno. Daktari wa meno aliulizwa, akasema haoni uhusiano. Baba yake, mkulima wa ngano na dengu, alizoea kutembea na mipira sita nyuma ya pikapu, kama wengine wanavyotembea na tairi la akiba.

Mpira wenyewe haukuwa na shida. Shida ilikuwa ratiba. Wanawake wa Yarrabeet walicheza saa nne asubuhi, robo nne fupi fupi, na ilipofika saa tano na nusu kadi yao ya matokeo ilitiwa saini, wakatoka, kiwanja kipumzike. Saa nane waliingia wanaume. Kwa hiyo kila Bronte alipopiga asubuhi, mpira ulishuka mchana, katikati ya mechi ya wanaume, ukapita sawasawa kati ya milingoti miwili mirefu. Hapo Merv alifanya anachofanya mwamuzi wa magoli yeyote aonapo mpira ukipita pale. Alinyoosha vidole viwili, akapepea bendera mbili, na magari yote yaliyoegeshwa kuzunguka kiwanja yakapiga honi. Pointi sita.

Kisha ilimlazimu aandike jina. Kadi ya wanaume ilikuwa na mistari ishirini na miwili, yote ya wanaume. Merv alitazama kushoto, akatazama kulia, akaandika la aliyesimama karibu. Mara nyingi aliyesimama karibu alikuwa Corey Pfitzner, mshambuliaji wa mbele kabisa, kijana mpole mwenye mapaja mazito, ambaye hakupenda kukimbia.

Corey hakuwa mtu wa kusahau fadhila. Kila mechi ilipokwisha alimtafuta Bronte dirishani kwa kina mama wa jiko la klabu, akamnunulia pai ya nyama, akaimwagia mchuzi wa nyanya mwenyewe.

"Leo umenifungia sita, dada."

"Saba."

"La saba liligonga mlingoti. Nimepewa pointi moja tu."

"Samahani basi."

"Usijali. Jitahidi wiki ijayo."

Bronte alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka vitu viwili. Alitaka klabu kubwa ya mjini imwite. Na alitaka, hata mara moja, aone jina lake limeandikwa mbele ya goli. Aliamini la pili ndilo litakaloleta la kwanza, kwa sababu wasaka vipaji husoma kadi, na kwenye kadi zake zote za msimu ule mbele ya jina Noske palikuwa na sifuri.

Kocha wao, Jolene Haddrick, aliyekuwa pia dereva wa basi la shule, aliiandikia kamati ya klabu barua. Aliomba jambo dogo: wanawake wacheze saa nane, wanaume wacheze saa nne. Kamati ilikutana, ikanywa chai, ikajibu kwa heshima kwamba asubuhi nyasi huwa na umande, wanaume wanaweza kuteleza.

"Sisi je?" Jolene alimuuliza mwenyekiti.

"Ninyi mmezoea," alisema mwenyekiti.

Basi Bronte akapiga hesabu. Jumamosi iliyofuata aliamka gizani, akafika kiwanjani saa kumi na mbili kamili, barafu ikivunjika chini ya viatu kama biskuti. Alipanga mipira sita kwenye mstari wa hamsini, akaipiga mmoja mmoja. Kisha akarudi nyumbani kunywa chai na kulala kidogo. Saa nne na dakika sita, mechi ya wanawake ikiwa imechangamka, mipira ikaanza kushuka. Wa kwanza, katikati. Wa pili, katikati. Yote sita, katikati, na wa mwisho ukatua taratibu kwenye kofia ya Merv.

Merv hakugusa bendera.

Bronte alimwendea mbio. "Mzee Merv, bendera."

"Bendera ya nini, mwanangu?"

"Magoli sita hayo!"

"Iliyopigwa kabla mechi haijaanza haihesabiwi. Sheria hiyo siyo yangu."

"Mbona inayoshuka mchana unaihesabu?"

"Ile hupigwa mechi ikiendelea."

"Mechi ya nani?"

Merv alivua kofia, akakung'uta nyasi. Alikuwa mtu wa haki. Miaka thelathini ya kugawa barua hakuwahi kuitia hata moja kwenye sanduku lisilo lake. Akalifikiria swali lile kwa uaminifu.

"Mechi," akasema, akavaa kofia yake.

Bibi mmoja wa timu ya wageni aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja alipaza sauti, "We Noske, mipira ikikuzidi utuachie sisi tuiuze kwenye mnada wa kanisa!" Watu wakacheka, Bronte naye akacheka, lakini aliicheza robo nzima iliyobaki kwa hasira, akawaangusha wasichana watatu kihalali.

Siku hiyo hiyo alikuwepo Verity Akers, msaka vipaji. Klabu kubwa kumi na nane za wanaume zilipeleka wasaka vipaji kwa makundi, wakakaa chini ya mwavuli na darubini. Wa wanawake alikuwa Verity, peke yake, na mkoa mzima, na gari lililojaa ramani na ganda la ndizi. Mapumziko yalipofika alimwita Bronte, akateremsha kioo.

"Nimekuona ukipiga mara tano leo. Mipira iko wapi?"

"Juu."

Verity alitoa kichwa dirishani, akatazama juu, akaandika: juu. "Inarudi lini?"

"Wa kwanza saa nane na robo. Ukisubiri utauona kwa macho yako."

"Saa saba natakiwa niwe kilomita mia mbili kutoka hapa. Kuna mkabaji wa kike huko, ruba hasa, naambiwa akikukaba hakuachii."

"Lakini ni magoli, dada Verity. Yote. Muulize mtu yeyote."

"Nakuamini. Karatasi yangu ndiyo haina pa kuandika imani." Alipekua kurasa. "Ila kuna jambo nimeliona. Kila ukipiga, wenzako wa upande wa pili wanabaki mikono mitupu. Inaletwa mipira mipya, inadundishwa katikati, wanaanza upya. Hawajafunga hata goli moja kutoka upande wako. Unajua hiyo inaitwaje?"

"Inaitwaje?"

"Beki."

"Mimi mshambuliaji," Bronte alisema.

"Mshambuliaji mwenye sifuri. Au beki ambaye mpira ukimfikia unapotea nusu siku. Yupi nimpeleke mjini?"

Bronte alitazama milingoti. Mmoja wa ile mipira sita ulikuwa bado umelala nyuma yake, na mbwa wa Merv alikuwa akiunusa.

"Mpeleke beki," akasema.

Kufika mwezi wa kumi na moja, majina ya waliochaguliwa na klabu kubwa yalisomwa kwenye runinga. Corey alikuwa ametangulia kuitwa, wa saba kwa upande wa wanaume, na klabu moja ya Perth, kwa magoli yake hamsini na matatu. Huko Perth hakufunga hata moja. Wataalamu walisema ni tofauti ya saa. Jina la Bronte, aliyechukuliwa na klabu ya Melbourne, lilisomwa la arobaini na nne upande wa wanawake, likafuatwa mara moja na tangazo la matrekta. Ukumbi wa klabu ulilipuka kwa shangwe, Jolene akalia waziwazi, na Baba Noske akatoka nje, akaingia kwenye pikapu, akapiga honi mpaka betri ikafa.

Melbourne ilimpokea vizuri. Alipewa viatu jozi nne, mtu wa kumkanda misuli na mtaalamu wa kupima mipigo kwa mashine. Mashine ilipopima mpigo wake wa kwanza iliandika kwamba bado inasubiri. Mtaalamu akaenda kula, akarudi, akajaza fomu. Kocha mpya alimkalisha chini siku ya kwanza.

"Ukipata mpira, piga pembeni. Kokote pembeni. Mbele usipige."

"Na nikiona goli?"

"Binti, wewe ni beki. Beki haoni goli."

Msimu mzima hakuona. Alipiga pembeni, mipira ikaanguka mchana kwenye maegesho na kwenye bustani ya mimea, ambako watunza bustani walikuwa na kikapu maalumu. Magazeti yalimsifu. Aliitwa ukuta, aliitwa kufuli, mtoto mmoja aliomba sahihi yake kwenye jezi.

Mechi ya mwisho ilipangwa kwenye kiwanja kikubwa kabisa. Wanawake saa nne asubuhi, wanaume saa nane, ili nyasi zikatwe mara moja tu. Zikiwa zimebaki sekunde kumi, timu ya Bronte iko nyuma kwa pointi nne, mpira ukamdondokea mikononi. Pembeni palikuwa wazi. Alisikia kabisa kocha akipiga kelele, "Pembeni! Noske, pembeni!"

Akarudi nyuma hatua nne, akapiga mbele. King'ora kikalia mpira ukiwa umeshapita taa za kiwanja.

Sheria ya mchezo ule iko wazi: mpira uliopigwa kabla ya king'ora ukipita goli, unahesabiwa. Waamuzi wa mjini waliifuata kwa adabu. Walisimama kati ya milingoti na makoti yao meupe, bendera tayari, wakasubiri dakika arobaini na tano. Wachezaji wa pande zote walikaa kwenye nyasi wakila machungwa. Kisha wanaume wakatoka kupasha misuli, mkuu wa kiwanja akaja kuomba samahani, kadi ikatiwa saini. Wameshindwa, kwa pointi nne. Noske, magoli sifuri.

Bronte alioga, akabadilisha nguo, akanunua pai. Wachezaji wa kike hupewa tiketi ya bure ya mechi ya mchana, safu ya juu. Alikaa karibu na bwana mmoja mnene mwenye skafu ya klabu shingoni na nyingine kichwani. Mechi ilikuwa ngumu. Saa tisa na dakika thelathini na tatu, timu ya wanaume ya klabu ya Bronte ikiwa nyuma kwa pointi tatu, mpira ulishuka kutoka mawinguni, ukapita kati ya milingoti mirefu bila kugusa kitu. Vidole viwili, bendera mbili. Watu elfu sitini wakasimama kama mtu mmoja. Kwenye ubao mkubwa likawaka jina la kijana wa mbele, ambaye alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu.

Yule bwana alimkumbatia Bronte kama ndugu yake, pai na vyote. "Umeliona goli hilo? Umeliona lakini?"

"Nimeliona," alisema Bronte, akijifuta mchuzi kwenye shavu. "Tangu asubuhi."