Barua ya Jumatatu

Alhamisi hiyo Mama Veneranda alifika dukani saa mbili kasorobo asubuhi, kabla sijamaliza kufagia. Alikuwa ameshuka kutoka Kalinzi kwa bodaboda, kwenye matope ya Novemba, na kitenge chake kilikuwa chekundu mpaka magotini. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuniangalia, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kamba.

Kamba ile ndiyo sanduku letu la posta. Duka la kaka Castory, hapa Gungu, linatoa nakala, linapiga picha za pasipoti, na linapokea barua pepe za watu wasio na anwani zao. Barua ikifika naichapa, naandika jina la mwenyewe juu kwa kalamu nyekundu, kisha naibana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Wengi ni wafanyabiashara wanaoandikiana na Bujumbura na Kalemie. Wengine ni wazazi wa wasichana waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wasichana hao hujaziwa fomu hapahapa, na penye mawasiliano ya nyumbani tunaandika anwani ya duka. Fomu ya Catherine, binti wa Mama Veneranda, niliijaza mimi kwa mkono wangu. Alikuwa ananichekesha huku akinionya nisikosee jina la babu yake.

"Ipo?" aliuliza.

"Ngoja niwashe mashine, mama."

Tangu Septemba Catherine alikuwa kimya. Neno lake la mwisho lilikuwa sauti fupi iliyotumwa kutoka simu ya mtu mwingine. Alikuwa ananong'ona: "Mama, simu yangu wameichukua. Wananifungia. Niombeeni." Namba ile ilipopigwa haikupatikana tena. Wakala aliyempeleka aliacha kupokea simu. Ndiyo maana kila Jumatatu na kila Alhamisi mama huyu alishuka mlimani kutazama kamba yetu.

Mashine iliwaka, barua zikaanza kuingia. Ya pili ilikuwa hivi:

*ÊÍíÉ ØíÈÉ*

Na chini yake aya tatu nzima za namna hiyohiyo, alama zilizovaa kofia na vitone, hazisomeki. Kaka Castory, aliyekuwa anafungua madirisha, alichungulia.

"Kuku wamechakura hapo," alisema. "Futa, ni matangazo."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kipanya. Ni mazoea. Nilikuwa nimefuta moja kama hiyo Jumatatu asubuhi. Lakini safari hii, katikati ya vurugu ile, niliona herufi tatu za kawaida, TAE, kama zinavyoanza namba za pasipoti zetu, na tarakimu sita nyuma yake. Mstari wa chini kulikuwa na 14/11 na 10:00.

"Mama," nilisema. "Ile nakala ya pasipoti ya Catherine unayo?"

Alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Hajui kusoma barua, ila tarakimu anazijua. Alisogeza kidole kwenye kioo cha kompyuta na kingine kwenye karatasi, akazifuata moja moja, nne, nane, mbili, mpaka ya mwisho.

"Ni yeye," alisema. "Mwana wanje, mwanangu. Wanasemaje?"

"Haisomeki, mama. Imeharibika."

"Na hii hapa?"

"Ni tarehe. Na saa. Leo, saa nne asubuhi."

Alikaa kwenye benchi taratibu, kama mtu anayetua mzigo. "Kwetu," alisema, "karatasi yenye jina la mtu na tarehe na saa ni tangazo la mazishi."

Kaka Castory aliacha madirisha.

Nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua. Mwaka juzi, nilipotoka chuo na kuanza kazi hapa, barua za Kifaransa zilikuwa zinafika zimevunjika. Kila penye herufi yenye kialama juu palitokea takataka, na wateja wa Bujumbura walitucheka. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya barua, nikachagua namna ya kusoma herufi za Ulaya, na chini yake palikuwa na kiboksi kinachosema itumike kwa barua zote, hata kama barua yenyewe inasema vingine. Nikaweka alama ya vema. Kifaransa kikanyooka siku hiyohiyo. Kaka Castory alininunulia soda, akawa anawaambia watu, "Huyu binti yangu wa chuo." Nilifurahi sana. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itakuja barua isiyo ya Ulaya, na mashine itailazimisha isomeke kama ya Ulaya.

Nilijaribu kwanza kuituma kwenye simu yangu. Ilifika ikiwa vilevile, maana niliituma ikiwa imeshavurugika. Nikataka kuifungua upya kwenye mtandao, nikakumbuka kwamba hapa barua ikishashuka kwenye mashine yetu inafutika kule ilikotoka. Kaka Castory aliagiza hivyo ili sanduku lisijae. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja tu duniani, mbele yangu.

"Wiva," kaka Castory aliniita, ndivyo anavyofupisha Winfrida, "wewe si ndiye wa chuo?"

"Ndiyo."

"Basi fanya kitu."

Niliitoa ile vema. Nikafungua orodha ya namna za kusoma herufi. Nilichagua ya kwanza, ile inayosemekana inasoma lugha zote, zikajaa almasi nyeusi zenye alama ya kuuliza ndani. Nikadhani nimeiua. Nikarudi nyuma, ile vurugu ya kwanza ikarejea. Nilishukuru kuiona. Kwenye orodha palikuwa na Kiarabu mara mbili, cha aina mbili tofauti. Nikabonyeza cha kwanza.

Herufi zikageuka, zikaanza kutoka kulia. Kaka Castory alipiga kofi. Mama Veneranda alisimama.

Niliinakili nikaipeleka kwenye tafsiri ya simu. Ikaleta: "Hai nzuri dhabi kwa kuwa mbele fungu." Nikajaribu aya ya pili, ikawa mbaya zaidi. Saa ya ukutani ilisema mbili na dakika ishirini.

"Mwite ustadhi Hamimu," nilisema.

"Mwite wewe. Mimi na yeye hatuongei tangu vile vyeti."

Ustadhi Hamimu anafundisha madrasa nyuma ya duka letu, na vyeti vya wanafunzi wake tulivichapa kichwa chini. Mimi huwa naona aibu hata kumsalimia. Nilikimbia na ndala, nikasimama mlangoni mbele ya watoto thelathini, nikasema lile nililokuja kusema.

"Paza sauti, binti," alisema. "Unanong'ona kama umeiba."

Nikapaza. Sijui nilisema nini, lakini alifunga kitabu.

Alipofika alivaa miwani, akainama kwenye kioo. Midomo yake ilianza kwenda, ikasimama.

"Nani kaandika hiki?"

"Si Kiarabu?"

"Herufi ni za Kiarabu. Maneno si ya mtu. Tazama, hii alama hukaa mwisho wa neno, hapa imekaa katikati. Na hii ingekuwa herufi nyingine kabisa. Ni kama mtu aliyemwaga kabati la herufi akazipanga kwa upofu."

"Kuna ya pili," nilisema, nikabonyeza Kiarabu kile kingine.

Kwa macho yangu mimi hapakuwa na tofauti kubwa. Lakini ustadhi alivuta pumzi, akavuta na kiti.

"Sasa hii ni barua," alisema. "Salamu njema. Kisha..." Alishuka na kidole mstari kwa mstari. Mama Veneranda alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Yupo hai?" aliuliza.

"Yupo hai, mama. Yupo kwenye nyumba ya kuhifadhi wanawake. Alitoroka kwa mwajiri wake tarehe mbili." Kidole chake kiliendelea. "Mwajiri anamtaka arudi. Wanasema, kama hakuna ndugu atakayepinga kwa maandishi, na nakala ya kitambulisho, kabla ya saa nne asubuhi ya leo, watamkabidhi kwake."

Mama Veneranda alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

"Tuna zaidi ya saa nzima," alisema kaka Castory. "Mama, kitambulisho unacho?"

"Castory," ustadhi alisema, ndiyo mara ya kwanza kumtaja jina tangu vile vyeti. "Jua linaanza kwao. Wametutangulia kwa saa moja. Saa yao ya nne ni saa yetu ya tatu."

Ukutani ilikuwa mbili na dakika thelathini na nane.

"Na hapa mwisho," ustadhi aliendelea, "wanasema: tuliwaandikia Jumatatu, hamkutujibu."

Mama Veneranda alinigeukia. "Jumatatu nilikuja hapa."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuuliza."

"Ilikuwa imekuja hivihivi haisomeki. Nilidhani matangazo. Niliifuta." Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. "Nisamehe. Nipe kitambulisho."

Alinitazama kwa muda ambao hatukuwa nao. Kisha akafungua fundo jingine, akakitoa.

Kaka Castory alikichukua kwenda kwenye mashine ya nakala, akawa anaitukana ipate moto. Kibodi yetu haina herufi za Kiarabu, kwa hiyo niliandika kwa Kiingereza changu cha chuo, na mama akawa anasema kwa Kiswahili, maneno yakichanganyika na Kiha. Sema mimi ndiye niliyemzaa. Sema namkataza mtu yeyote kumrudisha kule. Sema aje nyumbani hata bila nguo, nguo nitampa. Niliandika yote, hata la nguo. Ustadhi alisema hilo wataelewa vizuri kuliko mengine.

Saa mbili na dakika hamsini na moja nilibonyeza tuma. Ule mstari wa buluu ukaanza kutambaa, ukafika katikati, ukasimama. Picha ya kitambulisho ilikuwa nzito. Mtandao wa Gungu asubuhi mnaujua. Kaka Castory aliwasha intaneti ya simu yake, akaisogeza karibu na kompyuta kama mtu anayeota moto. Nikaunganisha. Nikatuma upya. Mama Veneranda alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ambayo sikuwa nimemaliza kuifagia, anasali Salamu Maria kwa sauti ya chini, na ustadhi alisimama kando yake viganja vimefunguka.

Saa mbili na dakika hamsini na sita mstari ulifika mwisho.

Jibu lilikuja saa tatu na robo. Lilikuwa mistari miwili, na lilifunguka lenyewe, limenyooka, kutoka kulia. Ustadhi alilisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kusema.

"Wameipokea kabla ya muda. Atabaki pale mpaka apatiwe tiketi."

Mama Veneranda alilia kwa muda mrefu akiwa amekaa palepale chini. Nilimletea maji. Aliyachukua mkononi mwa kaka Castory, si mkononi mwangu, maana nilipomnyooshea kikombe hakukigusa, ikabidi nimpe kaka Castory ampe. Kisha alijifunga kitenge, akamshukuru ustadhi, akamshukuru kaka Castory, akatoka.

Sasa ni wiki ya tatu. Catherine bado anangoja tiketi. Kile kiboksi nimekiacha wazi, bila vema. Barua moja moja za Bujumbura zinavunjika tena, na mzee Petero anayeuza nyavu anasema elimu yangu imerudi nyuma. Nazinyoosha kwa mkono, moja baada ya moja. Sifuti kitu. Matangazo ya dawa za kunenepesha, ya bahati nasibu, yote nayachapa, na kaka Castory analalamikia wino lakini hajanikataza.

Mama Veneranda anakuja kama kawaida, Jumatatu na Alhamisi. Haniulizi tena kama ipo. Anapita nyuma ya meza, anatoa karatasi zote kwenye kamba, hata zenye majina ya watu wengine, anakaa nazo kwenye benchi na ile nakala ya pasipoti, na kidole chake kinatafuta tarakimu sita kwenye kila ukurasa. Mimi nasimama pembeni na vibanio mkononi, nikingoja amalize ili nizirudishe.