Mpaka Mwezi Gani
...mpaka mwezi gani, ameuliza, na sauti yake ni ya upole, angekuwa mkali ningejua la kumjibu, lakini ameuliza vizuri, “Dada Nyamoita, ombi la kusimamisha malipo ya mkopo wako wa chuo tumelipata, sasa unatarajia kuanza kazi lini?” na mimi nimesimama katikati ya shamba la chai la mama hapa Ekerenyo, kikapu mgongoni, simu nimeibana kwa bega kwa sababu vidole vimejaa utomvu... lini, lini, mara ya kwanza nilisema Januari bila kufikiri, Januari shule zinafunguliwa, na kweli nikapata kazi kwenye shule ya binafsi kule Nyaramba, nikafundisha hisabati kwenye darasa la mabati, mwenye shule akituambia subirini kidogo walimu, wazazi watalipa, hadi asubuhi tuliyokuta lango limefungwa na watoto wameketi nje juu ya mabegi yao, “Ticha, twende nyumbani?” wakaniuliza mimi, kana kwamba mimi nilijua... mara ya pili nikasema Agosti, serikali itaajiri Agosti, ikaajiri, nilienda kwenye usaili na viatu vya dada yangu Ruth vikinibana, jina langu halikutoka, na riba haina likizo, unapumzishwa wewe, yenyewe inaendelea... “Mwambie Desemba,” mama anasema kutoka mstari wa pili, kumbe amesikia yote, mikono yake haijaacha kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, “Desemba utakuwa umepata, Mungu halali,” na nataka kumwamini, namtazama ili nimwamini, lakini yeye hanitazami, na hiyo sauti, hiyo sauti naijua, laini hivyo, haina mkunjo, niliisikia wapi... wodini, Kisii mjini, baba amebaki mifupa, daktari ameshatuita kando akatueleza, na mama anarudi kitandani anamlisha uji kwa kijiko, “Desemba utakuwa nyumbani, baba Nyamoita, utakula ndizi za shamba lako,” naye baba akaitikia kwa kichwa, nami msomi nikadhani mama hajaelewa maneno ya daktari, nikamvuta nje nimweleze upya kwa Ekegusii, lugha yetu, akanifunga kifungo cha sweta, akarudi ndani na uji wake... alikuwa ameelewa, alielewa kabla yangu, na baba naye alielewa, aliitikia ili mama apate la kusema kesho yake... na hili la kazi pia mama amelielewa kabla yangu, sijui tangu lini, hangoji tena kazi yoyote, ananilisha tu... “Halo? Dada, bado uko?” niko, nasema, niko, na mikono ya mama imeacha kuchuma, siyasikii majani yakikatika, “Desemba,” namwambia yule wa simu, kwa sauti kubwa, ili mama asikie.